Baba Mmoja Kwenye Fomu

Helaman alizima injini ya pikapu mbele ya geti, lakini mikono yake ikabaki imeshika usukani kana kwamba gari bado linakwenda.

"Kuna anayetufukuza?" nikamuuliza.

"Nipe dakika moja, Villa."

"Dakika moja ulishaomba pale kwenye kona."

"Pale kwenye kona nilikuwa bado sijaliona geti."

Nilimtazama kwa pembeni. Mwanamume wa miaka thelathini, mabega kama mlango, vumbi la jipsamu ya kuta anazojenga halimtoki kwenye nywele hata akioga mara tatu, na ameketi wima kama mtoto anayesubiri sindano. Nilimpenda kuliko nilivyompenda asubuhi. Nikaung'oa mkono wake mmoja kwenye usukani, nikauweka kifuani pangu, asikie mwenyewe kwamba hata mimi sikuwa na utulivu wowote.

"Unaona? Tuko wawili."

"Moyo wako unakimbia zaidi."

"Basi niache nitangulie kufika."

Akacheka, na macho yake ya kijivu yakatulia usoni kwangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Helaman akikutazama hivyo unasahau ulichotaka kusema. Kwenye kiti cha nyuma, Posy, binti yangu wa miaka minne, alikuwa amelala mdomo wazi, kiatu kimoja hana.

Ndani ya nyumba ile kubwa walikuwa wanatungoja wanawake wawili, ingawa wenyewe hawakujua kwamba tunakuja. Mmoja ni Mama Ruthene, aliyemzaa Helaman. Mwingine ni Mama Delora, aliyenizaa mimi. Wote wawili ni wajane wa mume mmoja, mzee Hyrum Whitlow, baba yake Helaman. Tangu mzee afariki, wake wengine waliondoka mmoja mmoja, wamebaki hawa: mke wa tatu na mke wa saba. Mimi nilikuwa ninakuja kila mwezi kumleta Posy. Helaman hakuwa amekanyaga pale kwa miaka kumi na minne, tangu walipomfukuza.

Na siku ile tulikuwa na muda mpaka saa kumi na moja jioni tu.

Kisa kilianza asubuhi, tulipokwenda mjini kuchukua kibali cha ndoa. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Fomu ina safu mbili, moja ya bwana na moja ya bibi. Kila mtu akajaza ya kwake, mimi huku namzuia Posy asile kalamu. Karani, mama mmoja mpole wa nywele fupi, aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Samahani, wanangu. Nyinyi ni baba mmoja?"

Nikadhani anatania. Nikaangalia fomu. Safu ya Helaman, jina la baba: Hyrum Whitlow. Safu yangu, jina la baba: Hyrum Whitlow. Mkono wangu ulikuwa umeandika wenyewe, kama ulivyofundishwa kuandika kwenye kila daftari, kila karatasi ya kliniki, kila kitabu cha sala, tangu nina miaka kumi.

Kwetu mtoto anaweza kubadilishiwa baba kati ya Jumapili na Alhamisi. Mimi nilibadilishiwa. Baba yangu anaitwa Orson Tolbert. Jumapili moja Nabii, mkuu wa kanisa letu, alimwita mbele, akamwambia hastahili tena kuwa na mke wala watoto, aende mbali akatubu. Alhamisi likaja lori, mama yangu na sisi watoto sita tukapakiwa na magodoro, tukashushwa kwa Hyrum Whitlow. Asubuhi yake tukapangwa mstari, tukaambiwa: huyu ndiye baba, lile jina la zamani halitajwi tena. Nami, kwa kuwa nilizaliwa kitandani kwa mama na sikuwa nimeandikishwa popote, nikaandikishwa mwaka uliofuata kwa jina la Whitlow. Cheti changu chenyewe kinasema uongo.

Karani alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akasema cheti kikisema hivyo, yeye mikono yake imefungwa, na neno la Baba Orson peke yake halitatosha kwa kuwa hayumo kwenye karatasi yoyote. "Mama aliyekuzaa yuko hai? Aje aape hapa mbele yangu, amtaje baba yako kwa kinywa chake. Mimi nafunga saa kumi na moja."

Kwa kinywa chake. Laiti angejua alichokuwa anakiomba.

"Haya," Helaman akasema pale getini, akafungua mlango wa pikapu. "Kabla sijabadili mawazo."

Tuliingia kwa mlango wa jikoni. Mvuke ulitupiga usoni. Ilikuwa Agosti na mapichi yalikuwa yameiva, kwa hiyo meza nzima ilikuwa chupa za kioo, maganda, sukari na nyuki wawili waliopotea njia. Mama Delora alikuwa kwenye jiko anasimamia sufuria kubwa, gauni lake refu la rangi ya maziwa limefungwa mpaka shingoni, nywele zimesukwa na kuinuliwa, hata unywele mmoja haujatoroka. Mama Ruthene alikuwa amekaa anamenya, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi.

"Posy wangu huyo!" Mama Ruthene akaanza. "Lete mashavu hayo, bibi yako ana nj..."

Akamwona aliyembeba.

Hakupiga kelele. Aliendelea kumenya lile pichi. Alilimenya ganda likaisha, akamenya nyama, akamenya mpaka mkononi ikabaki kokwa, na macho yake hayakutoka kwenye uso wa mwanawe.

"Umekula?" hatimaye akasema.

"Bado, Mama." Uongo mtupu. Tulikula mayai njiani.

"Kaa basi. Umesimama kama mtu wa kodi."

Akatoka kwenye beseni na miguu yake iliyolowa, akakata mkate, akamwaga asali, akauweka mbele ya Helaman. Kisha akasimama nyuma ya kiti chake, akaegemeza paji la uso mgongoni kwake, kati ya mabega, akabaki hivyo.

"Nilikupeleka kwa gari mimi mwenyewe," akasema ndani ya shati lake. "Mzee alisema nikupeleke mimi, ili moyo wangu ujaribiwe. Nikakushusha pale njia panda na mkoba na mkate mmoja. Mtoto wa miaka kumi na sita."

"Mkate niliumaliza kabla hujageuza gari, Mama."

"Mlafi wewe tangu zamani."

"Ulikuwa bado wa moto."

Mama Ruthene akacheka na kulia kwa pumzi moja, kicheko kikavunjika katikati kikawa kitu kingine. Nikageukia dirishani. Vitu vingine havitaki shahidi. Posy peke yake hakujali, alikuwa ameshajipatia pichi zima.

"Mmemaliza?" Mama Delora akauliza kutoka kwenye jiko. Hakuwa amegeuka. "Chupa hazijazwi kwa machozi."

Nikavuta pumzi. "Mama, nina jambo."

"Najua una jambo. Hujawahi kuja Alhamisi."

Nikamweleza yote: fomu, karani, saa kumi na moja. Nilipofika kwenye neno ndoa aligeuka taratibu, mwiko mkononi, akamtazama Helaman kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyo ni kaka yako."

"Kwa damu ya nani, Mama?"

"Kwa neno la Nabii. Siku tuliyokabidhiwa kwa Hyrum, tulikuwa wa Hyrum, mimi na watoto wangu, wa duniani na wa milele. Unaolewa na mtoto wa baba yako, Arvilla. Hata ng'ombe tunawatenga."

Maneno hayo yalinichoma, sitadanganya. Helaman akaweka mkate chini. Aliongea kwa sauti yake ile ya chini, ile iliyonishika mwaka juzi kwenye darasa la hesabu la jioni, alipoinama kwenye dawati langu akaniuliza kwa haya: dada, hivi kwenye sehemu, namba ya juu ndiyo inagawanywa au ya chini?

"Mama Delora, nakuheshimu. Mimi nilitolewa humu mwezi wa nne. Nyinyi mkaletwa mwezi wa sita. Sijawahi kula naye meza moja, sijawahi kumwona akiwa mtoto. Nilimkuta mtu mzima, na mtoto mapajani, anagombana na mwalimu kuhusu mabano."

"Na nilikuwa sahihi," nikasema.

"Alikuwa sahihi," Helaman akakubali.

"Mwezi wa nne, mwezi wa sita, ni hesabu za wanadamu," Mama akasema. "Nyumba ni moja."

Hapo ndipo Mama Ruthene akafuta mikono kwenye aproni.

"Delora, hebu ngoja. Mimi nauliza tu. Siku wanamtoa huyu, Hyrum alisimama hapo hapo ulipo, akasema mbele yetu wote: huyu si mwanangu tena, asiandikwe kwangu. Nabii akaitika amina. Ni kweli si kweli?"

"Nimesikia hivyo."

"Sasa kama si mtoto wa nyumba hii, anakuwaje kaka wa Arvilla? Na kama ni kaka wa Arvilla, basi Nabii alikosea kumtoa, na mimi nilimtupa mwanangu barabarani bure. Chagua moja, mke mwenzangu. Zote mbili huwezi kula."

Chupa ziligongana taratibu kwenye maji yanayochemka. Mama Delora aligeukia sufuria, akapunguza moto. Alifundishwa, kama sisi sote, kutabasamu kwanza na kufikiri baadaye, na tabasamu lile lilijaribu kuja, likashindwa.

"Usinichanganye, Ruthene."

"Sikuchanganyi. Umechanganyika siku nyingi, nilikuwa nakuonea huruma."

Nikamsogelea mama. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu njiani, yote ikapotea, nikabaki na ile fupi.

"Mama, sikuja kuomba ruhusa. Nina miaka ishirini na nne. Nikiwa na kumi na tisa mliniambia Nabii ameonyeshwa niwe mke wa tano wa mzee mwenye wajukuu, nikaenda kwa sababu mlisema niende. Niliondoka na mimba, na kiatu kimoja kimepasuka. Tangu hapo sijaomba kitu. Helaman nitaolewa naye. Usiposema, tutatafuta wakili, tutakwenda kwa jaji, itachukua miezi, nitaolewa naye hivyo hivyo. Lakini sitaandika tena Hyrum Whitlow. Nataka niingie kwenye ndoa yangu kwa jina la mtu aliyenibeba mabegani. Neno moja tu la kweli, Mama. Hilo ndilo nimefuata."

Aliweka mwiko mezani. Akauweka sawa, sambamba na ukingo, kana kwamba kila kitu kilitegemea hapo.

"Unaliita neno moja," akasema, sauti yake imekauka. "Nikisema Orson..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Jina lilikuwa limemponyoka. Mama Ruthene akashika kiti.

"Nikisema yeye ndiye baba yako," mama akaendelea, taratibu, "maana yake yeye ndiye mume wangu. Hakuna aliyetutenganisha kwa haki. Sasa niambie, mwanangu, wewe uliyesoma. Mimi nilikuwa nani humu ndani, miaka yote kumi na minne? Nimelala chumba kile juu nikiitwa mke. Nilikuwa nani?"

Hata darasa la jioni halifundishi jibu la swali hilo. Nilichoweza ni kumshika mikono, ilikuwa inanata kwa sukari.

"Alhamisi ile lori lilipokuja," akasema, "nilipanda mbele. Hakuna aliyenisukuma. Orson alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kofia mkononi. Hakuniita. Alijua akiniita nitashuka, na aliogopa kunikosesha mbingu. Mimi nikatazama mbele. Unafikiri nashindwa kulisema jina lake kwa sababu ya Nabii? Nashindwa kwa aibu."

"Kama unataka kujua ulikuwa nani," Mama Ruthene akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "ulikuwa mwanamke aliyelea mtoto wangu wa mwisho nilipoumwa mapafu. Ulikuwa mtu wa kunikera kwa kufua Jumatatu alfajiri. Hayo yalikuwa kweli. Mengine waachie waliotupanga, wakajibu wao."

Mama akafuta pua kwa mgongo wa mkono, haraka, asionekane.

"Yuko wapi?" akauliza, akitazama sufuria.

"Nevada. Anatengeneza pampu za visima. Jumamosi atanishika mkono."

"Amezeeka?"

"Kidogo. Nywele zimekuwa nyeupe mbele."

Kisha, kwa sauti ndogo kabisa: "Ameoa?"

"Ehee!" Mama Ruthene akapiga paja. "Sikilizeni swali hilo! Yaani aibu yote ile ilikuwa inanyemelea hapo."

"Nimeuliza tu, Ruthene!"

"Hajaoa, Mama," nikasema. "Anasema alishaoa."

Mashavu ya mama yangu, mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyezaa mara tisa, yaliiva mekundu mbele ya macho yangu kuliko mapichi yale. Nilitazama Helaman, naye alikuwa ananitazama mimi, na katika macho yake niliona tukiwa wazee, nywele nyeupe mbele, bado kila mmoja anamuuliza mwenzake kama amekula.

Mama akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Akafungua aproni, halafu akaifunga tena.

"Chupa zina dakika kumi na mbili bado."

"Delora!" Mama Ruthene akafoka. "Mtoto anaolewa!"

"Na mapichi yanaharibika. Dakika kumi na mbili. Mjini ni dakika hamsini, tutawahi." Akavuta kiti, akakaa mbele ya Helaman, magoti pamoja, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. "Wewe. Unataka wake wangapi?"

"Mmoja, Mama Delora."

"Wote husema mmoja mwanzoni."

"Huyu mmoja mwenyewe ananishinda kwa maneno. Wawili watanizika."

"Na mtoto huyu?"

Posy alikuwa amepanda mapajani kwa Helaman, anampaka juisi ya pichi kwenye ndevu. Helaman hakumzuia.

"Huyu aliniuliza mwezi uliopita kama anaweza kuniita Baba. Nikamwambia asubiri, jina hilo hapewi mtu kwa amri. Aniangalie kwanza, akiridhika aniite."

"Akasemaje?"

"Bado anafikiria."

"Nafikiria," Posy akathibitisha.

Mama aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alikuwa na uso nisioujua, wa msichana fulani aliyewahi kuishi kabla sijazaliwa. "Kula mkate wako," akamwambia Helaman. "Unapoa." Mkate ulikuwa umepoa zamani, lakini Helaman aliumaliza wote.

Dakika ya kumi na mbili walizitoa chupa wote wawili, mmoja ameshika koleo, mwingine kitambaa, bila kugongana, jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja miaka mingi. Vifuniko vikaanza kulia kimoja kimoja, tik, tik, vinajifunga. Kisha mama akavaa viatu vyake vya Jumapili. Mama Ruthene akapanda nyuma ya pikapu, kwenye vifaa vya kazi, akasema hakosi sinema hii hata ikibidi alalie magunia ya saruji.

Tuliingia ofisini saa kumi na nusu. Watu waliligeukia gauni lile refu, kama wanavyogeuka siku zote, na mama akapita katikati yao shingo imenyooka. Nilijivunia. Karani akamwambia ainue mkono wa kulia, akamsomea kiapo, mama akaitikia. Kisha karani akashika kalamu.

"Jina la baba mzazi wa Arvilla?"

Mama akafungua mdomo. Vidole vyake vilishika ukingo wa kaunta mpaka kucha zikawa nyeupe. Helaman akanisogelea, bega lake likagusa langu. Niliweza kumsaidia mama, jina lilikuwa pale mdomoni mwangu. Sikumsaidia. Lilikuwa lake kwanza.

"Orson," akasema. "Orson Tolbert."

Hakuna dari iliyoanguka. Karani akaandika. Mama akalitazama jina likikauka kwenye karatasi, akalirudia, mara hii kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

"Orson Tolbert. Ana kovu kidevuni, ndama alimpiga teke. Mkate anakula ganda kwanza. Akitembea anapiga mluzi, na hajui kama anapiga."

"Mama," karani akasema kwa upole, "hapa kuna nafasi ya jina tu."

"Miaka kumi na minne nimekatazwa kumtaja," mama yangu akasema. "Andika."

Karani alimtazama. Akaigeuza karatasi upande wa nyuma, ule mweupe, akaanza kuandika.